Mota moja, vituo vingi: kusoma mwendo wa kromosomu ndani ya mnyoo C. elegans

Zima jeni ya dhc-1, inayotengeneza sehemu ya protini-mota iitwayo dainini, kwa RNAi (RNA inayoizuia jeni isitengeneze protini) katika mnyoo aliyefikia hatua ya L4, lava ya mwisho kabla ya utu uzima, msubiri saa 24, kisha mpasue utazame zigoti zake, yaani mayai yaliyorutubishwa yenye seli moja. Utaona kiini cha mama upande mmoja na kiini cha baba upande wa pili, kila kimoja kimeganda mahali pake. Ongeza muda hadi saa 48 na huenda usipate hata zigoti ya kutazama: gonadi (kiungo cha kutengeneza mayai na mbegu) imevurugika na mnyoo amekuwa tasa. Punguza muda hadi saa 16 au 18, na viini vitakutana, spindeli (muundo wa nyuzi unaotenganisha kromosomu) itajengwa, ila itakaa mshazari au itavuta kwa unyonge.

Jeni ni ileile. Kilichobadilika ni kiasi cha protini kilichobaki wakati kila kazi ilipofika zamu yake. Protini-mota za mnyoo huyu, zile zinazovuta na kusukuma vitu ndani ya seli, hufanya kazi katika vituo vingi, kuanzia gonadi hadi seli za lava, na unachokiona kwenye hadubini ni kituo cha kwanza ambapo protini haikutosha. Vituo vinavyofuata vimefichwa nyuma yake. Ndiyo maana naona muda na kipimo cha uzimaji ndivyo vinavyostahili kupangwa kwanza, kabla hata ya kuchagua rangi za kung'arisha kromosomu.

Reli na mota zake

Mikrotubuli, nyuzi za protini ambazo mota hutembea juu yake, zina ncha mbili zisizofanana. Ncha ya chanya hukua na kufupika haraka. Ya hasi kwa kawaida imeshikiliwa kwenye sentrosomu, kitovu kinachozichipusha mikrotubuli. Dainini, ambayo mnyororo wake mzito hutokana na dhc-1, hutembea kuelekea ncha ya hasi, ikisaidiwa na dainaktini (dnc-1, dnc-2) na lis-1. Kinesini, familia nyingine ya mota, ni takriban 20 katika mnyoo huyu, na nyingi huelekea ncha ya chanya. KLP-15 na KLP-16 ni za familia ya kinesini-14, ambayo hurudi upande wa hasi. KLP-7 haitembei kabisa: hukaa kwenye ncha ya mikrotubuli na kuibomoa. Ukiisahau tofauti hiyo utasoma vibaya kila picha ya klp-7.

Jambo jingine la kukumbuka ni umbo la kromosomu zenyewe. C. elegans ana jozi 5 za kromosomu za kawaida pamoja na X. Huntha (mwenye jinsia zote mbili) ni XX na dume ni X0, yaani ana X moja tu. Kromosomu zake hazina sentromea ya mahali pamoja. Kinetokori, sehemu inayoshikwa na mikrotubuli, hutandazwa kwa urefu wote wa kromosomu, hivyo katika metafezi (kromosomu zinapojipanga mstari) ya mitosisi, mgawanyiko wa kawaida wa seli, kila kromosomu huonekana kama ufito ulionyooka, si kama herufi X ya vitabuni. Hii ndiyo sababu vipande vya DNA vinavyodungwa kwenye gonadi huweza kurithiwa vizazi kadhaa vikiwa nje ya kromosomu: popote penye DNA ya kutosha kinetokori inaweza kujengwa. Ni faida kwa mtafiti. Hatari yake ni kwamba kromosomu moja ndefu inaweza kukamatwa na mikrotubuli za pande zote mbili kwa wakati mmoja, nayo ikabaki nyuma katikati wakati wenzake wanaondoka.

Kituo cha kwanza: kutafutana ndani ya gonadi

Safari ya kromosomu huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika sehemu ya gonadi iitwayo eneo la mpito, viini huonekana kama mwezi mchanga kwa sababu kromosomu zimejikusanya upande mmoja. Hapo kila kromosomu inamtafuta mwenzake. Karibu na ncha yake moja ipo sehemu ya kukutanisha, nayo hushikwa na protini maalumu: HIM-8 kwa X, ZIM-1 kwa II na III, ZIM-2 kwa V, ZIM-3 kwa I na IV. Protini hizo huifungamanisha kromosomu na utando wa kiini, mahali ambapo SUN-1 iliyo ndani imeshikana na ZYG-12 iliyo nje. ZYG-12 nayo huikamata dainini. Kwa njia hiyo mota iliyo nje ya kiini huburuta kromosomu iliyo ndani, bila ukuta wa kiini kutobolewa.

Dainini ikipungua hapa, kinachokwama zaidi si kukutana. Kromosomu huweza kupatana kwa kuchelewa, lakini zipu ya protini inayopaswa kufungwa kati ya jozi haifungi inavyotakiwa. Kwa hiyo ukipima kukutana peke yake utasema dainini haina kazi kubwa, nawe utakuwa umekosea. Pima vyote viwili: alama ya HIM-8 (vidoa viwili, bado kukutana, au kimoja, zimekutana?) na SYP-1, protini ya katikati ya zipu, katika gonadi ileile.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni kuhesabu. Yai lililo karibu kabisa na kifuko cha mbegu za kiume, yaani yai la −1, huwa na miili 6 ya DAPI (rangi inayong'arisha DNA): jozi 6 zilizoungana. Ukikuta 7, jozi moja haikuungana, mara nyingi X kama ilivyo katika mutanti wa him-8. Ukikuta 12, hakuna jozi hata moja iliyoungana, kama katika spo-11, ambako mikato ya DNA inayoanzisha ubadilishanaji haitokei.

Namna ya haraka: chagua huntha waliotimiza saa 24 baada ya L4, wawili watatu au hata kumi. Waweke kwenye tone la mikrolita 5 za M9 (maji yenye chumvi ya kushikia minyoo) juu ya slaidi, fyonza maji kwa ncha ya karatasi ya kuchujia, dondoshea mikrolita 10 za ethanoli ya 95%, acha ikauke. Rudia ethanoli mara mbili zaidi. Kisha weka dawa ya kuhifadhia mwanga yenye DAPI na ufunike. Chukua picha za tabaka kwa tabaka kupitia unene wote wa kiini, kwani miili miwili ikipandana utahesabu 5 katika mnyoo mzima kabisa. Hesabu ya 5 katika baadhi ya mayai ya mnyoo wa kawaida haina tatizo. Hesabu ya 8 au 9 katika mayai ya mnyoo wa kawaida inakuambia ethanoli imeikausha tishu kupita kiasi na kuipasua.

Kipimo cha pili hakihitaji hata hadubini yenye mwanga wa rangi. Kromosomu ya kawaida ikipotea, kiinitete hufa kwa kiasi kikubwa. X ikipotea, anazaliwa dume. Huntha wa kawaida hutoa dume chini ya mmoja katika kila watoto 500 hivi, ilhali mutanti wa him-8 hutoa takriban 37%. Kwa hiyo mayai mengi yaliyokufa pamoja na madume miongoni mwa walionusurika humaanisha kosa lilitokea kwenye meiosisi, mgawanyiko wa kutengeneza mayai na mbegu. Mayai mengi yaliyokufa bila dume hata mmoja, anza kushuku mitosisi ya kiinitete au jambo lisilohusu kromosomu kabisa.

Ili hesabu iaminike, tenga L4 mmoja mmoja kwenye sahani ndogo, angalau 8, katika nyuzijoto 20. Wahamishe kila baada ya saa 24 kwa siku tatu au nne. Hesabu mayai siku unayomhamisha mama, na hesabu yasiyoanguliwa saa 24 baadaye. Mayai yasiyorutubishwa, yale ya kahawia, ya mviringo na yasiyo na ganda, yaache nje ya hesabu. Huongezeka mama anapozeeka na mbegu za kiume kumwishia, nayo ndiyo hupandisha asilimia za vifo kwa uongo.

Kituo cha pili: spindeli isiyo na sentrosomu

Yai linapopita kwenye kifuko cha mbegu na kurutubishwa, linaanza kumaliza meiosisi zote mbili. Hapa hakuna sentrosomu. Mikrotubuli huzaliwa kuzunguka kromosomu, hukatwakatwa na katanini (mei-1, mei-2), kisha mota huzipanga mpaka zipate ncha mbili. KLP-18 ndiyo hutenganisha ncha hizo. Ikikosekana, spindeli inakuwa ya ncha moja, na matokeo yake huonekana baadaye katika zigoti: kiini cha mama kinaweza kukosekana kabisa, au kikabeba mzigo wote wa kromosomu. Anayetazama zigoti peke yake huandika "kosa la mitosisi". Kosa lilishatokea zamani.

KLP-15 na KLP-16 husaidia kufunganya mikrotubuli kuwa matita. Jeni hizi mbili zinafanana mno, na RNA ya moja huizima na nyingine. Usidai umezima moja. Hali ni hiyohiyo kwa gpr-1 na gpr-2. Kanuni ninayoifuata: mahali popote ambapo mfuatano unafanana kwa 80% au zaidi kwa urefu wa bezi 200, chukulia kwamba jeni zote mbili zimeguswa.

UNC-116, kinesini-1 ya kawaida inayobeba mizigo kwenye neva, hapa husogeza spindeli nzima hadi kwenye korteksi (ukingo) ya yai kwa kushirikiana na KCA-1. Halafu, anafezi (hatua kromosomu zinapoachana) inapokaribia, dainini huigeuza spindeli isimame wima dhidi ya korteksi. Spindeli isipofika ukingoni, chembe-polari, kijiseli kinachobeba kromosomu za kutupwa, hutoka kubwa kupita kiasi na kula sehemu ya zigoti.

Na kromosomu zenyewe zinasogeaje? Katika hatua hii KLP-19 hukaa kwenye pete inayozunguka katikati ya kila bivalenti (jozi ya kromosomu iliyoungana), na matita ya mikrotubuli hupita ubavuni mwa kromosomu badala ya kuishikilia kwa ncha. Anafezi inapoanza, ncha za spindeli hulegea, na mikrotubuli hukua katikati ya makundi mawili na kuyasukuma yaachane. Kinetokori inaweza kuondolewa na utengano ukaendelea, ingawa mpangilio wa mwanzo utakuwa umeharibika. Ni moja ya mambo mazuri kuliko yote katika mnyoo huyu: kiumbe kilekile, kromosomu zilezile, na ndani ya dakika chache inatumika njia tofauti kabisa ya kuzisogeza.

Tahadhari ya kazi: ganda la yai halijakamilika hadi meiosisi iishe. Ukimpasua mnyoo ndani ya maji au M9, mayai ya meiosisi huvimba au kupasuka, na utakachorekodi ni kifo. Rekodi ndani ya tumbo la mnyoo mzima aliyelegezwa kwa trikaini 0.1% na tetramisoli 0.01%, au mpasue ndani ya kimiminika chenye mkolezo unaolingana na wa yai, kama L-15 ya 60% yenye seramu 20% na HEPES milimola 25. Dawa za kulegeza nazo zina kikomo. Mnyoo akikaa muda mrefu bila kula wala kutembea, utagaji husimama, na mayai ya nyuma huchelewa bila uhusiano wowote na jeni uliyoizima.

Kituo cha tatu: zigoti

Zigoti ina urefu wa takriban maikromita 50 na upana wa 30, ni angavu, na hapa mikono ya dainini inaonekana wazi. Kwanza dainini huleta kiini cha mama hadi kwa cha baba kwa kuvuta kwenye mikrotubuli za sentrosomu zilizoletwa na mbegu ya kiume. Kisha viini viwili pamoja na sentrosomu zake husogea katikati na kuzunguka nyuzi 90 ili spindeli ilale kwa urefu wa yai. Halafu dainini iliyotia nanga kwenye korteksi, kupitia protini za LIN-5 na GPR-1/2, huvuta ncha ya nyuma kwa nguvu zaidi. Mwaka 2001 Grill, Gönczy, Stelzer na Hyman walikata spindeli kati kwa leza, na ncha ya nyuma ikakimbia kwa kasi kuliko ya mbele. Kutokana na mvutano huo usio sawa, seli ya mbele, AB, huzaliwa kubwa na ya nyuma, P1, ndogo, na AB hugawanyika dakika 2 hivi kabla ya P1. Ukizima gpr-1/2, seli mbili hutoka karibu sawa, lakini kromosomu bado huachana. Somo hapo ni kwamba katikati ya spindeli pana kazi yake yenyewe.

Katika mgawanyiko huu wa kwanza, kromosomu husogea kidogo sana kuelekea ncha za spindeli. Umbali wao na ncha hubaki karibu uleule. Zinatengana kwa sababu ncha zenyewe zinaachana. Kwa hiyo usipime kasi ya kromosomu kutoka pembeni mwa picha. Pima umbali wa ncha hadi ncha na wa kundi hadi kundi, kila sekunde 5 au 10, ukiweka sifuri pale makundi mawili yanapoanza kuonekana kama mistari miwili.

Mota zinazogusa mkondo huo:

BMK-1, kinesini-5. Katika viumbe vingi ndiyo inayosukuma ncha ziachane na spindeli haijengwi bila hiyo. Katika C. elegans mutanti aliyekosa jeni hiyo anaishi, na ncha zake huachana kwa haraka zaidi. Hapa ni breki. Anayekuja na matarajio ya seli za binadamu hukosea hapa kila mara.

KLP-7. Ikipungua, mikrotubuli huzidi kutoka kwenye sentrosomu, mvutano wa korteksi huongezeka, na spindeli huweza kukatika katikati anafezi inapoanza. Kromosomu zilizokamatwa pande mbili hubaki nyuma kama daraja.

KLP-19. Katika mitosisi huzisukuma kromosomu mbali na ncha na kuzisaidia kupanga mstari. Ikikosekana mstari wa metafezi huwa mbovu, na madaraja huonekana baadaye.

ZEN-4. Pamoja na CYK-4 hufunga matita ya katikati. Ikikosekana, mfereji wa kugawanya seli unaingia ndani, karibu kufika, halafu unarudi. Seli inabaki moja yenye viini viwili, kisha vinne. Kwa kuwa picha yake haisahauliki, zen-4 ni kidhibiti kizuri cha kuthibitisha kwamba sahani zako za RNAi zinafanya kazi.

Jinsi ya kuuweka muda mkononi mwako

RNAi ya kulisha bado ni njia ya kwanza. Bakteria ni HT115(DE3), wasio na RNase III, wakibeba plazmidi (duara dogo la DNA) ya L4440 yenye kipande cha jeni kati ya vichochezi viwili vya T7, sehemu zinazowasha usomaji wa DNA. Sahani ni NGM, agari ya kufugia minyoo, ya kawaida (kwa lita: NaCl gramu 3, peptoni 2.5, agari 17, baada ya otoklevu ongeza kolesteroli, CaCl2, MgSO4 na bafa ya fosfeti) pamoja na IPTG (inayowaamsha bakteria kutengeneza RNA) milimola 1 na kabenisilini mikrogramu 25 kwa mililita. Otesha koloni moja usiku kucha kwa nyuzijoto 37 ukitumia ampisilini peke yake. Tetrasaiklini itumie unapochora koloni kutoka kwenye friza. Ukiiweka pia kwenye oteshaji la kulishia, uzimaji hudhoofika. Dondoshea mikrolita 150 hivi kwenye sahani ya sentimita 6, acha usiku mmoja kwenye joto la chumba, gizani.

Mambo yanayoharibu ni ya kawaida sana. OP50, bakteria wa chakula cha kawaida, wanaosafirishwa na mnyoo hushinda mashindano ya chakula, kwa hiyo mwache atambae nusu saa kwenye sahani isiyo na bakteria kwanza. Sahani zilizokaa mwezi mzima zimepoteza IPTG. Na klonu za maktaba huchanganyikana: soma mfuatano wa kila moja kabla ya kuandika jina lake popote. Kidhibiti ni L4440 tupu, kwenye sahani za kundi hilohilo.

Kwa jeni muhimu kama dhc-1, usichague saa moja. Weka L4 wa umri mmoja kwenye saa 16, 20, 24, 28 na 36, na upasue wote siku moja. Utaona vituo vikifunguka kwa mpangilio, cha mwisho kwanza. Mfululizo huo una thamani kuliko picha moja nzuri.

Mutanti aliyekosa jeni kabisa hatakusaidia sana kwenye zigoti. Mtoto wa mama mwenye nakala moja nzima huishi kwa protini ya mama, hupita kiinitete, kisha hukwama kwenye lava au huwa mtu mzima tasa. Hapo ndipo aleli (matoleo ya jeni) zinazoathiriwa na joto, kama dhc-1(or195) na zen-4(or153), zinapokuwa dhahabu: wafuge kwa nyuzijoto 15, pandisha hadi 26 dakika chache kabla ya kituo unachokitaka. Pandisha N2, mnyoo wa kawaida wa maabara, pamoja nao, kwa sababu 26 peke yake hupunguza uzazi wa mnyoo mzima. Lenzi ya mafuta hupoza au kupasha slaidi kuliko chumba. Pima joto kwenye slaidi, si ukutani.

Pana mgongano unaowakwamisha wengi. Jeni za kung'aa zilizo chini ya kichochezi cha pie-1 hunyamazishwa kwenye gonadi na kwa kawaida hutunzwa kwa nyuzi 25 ili zing'ae. Aleli ya or195 haiwezi kuishi huko. Suluhisho ni kuweka alama kwenye jeni ya asili kwa CRISPR (chombo cha kuhariri jeni), au nakala moja iliyoingizwa mahali panapojulikana. Kisha hakikisha alama yenyewe haidhuru: mama atage karibu mayai 300 na yaanguliwe karibu yote, la sivyo una mutanti wa pili bila kujua.

Njia ya tatu ni kuivunja protini yenyewe. Unganisha kwenye dhc-1 kipande kidogo cha AID, asidi amino 44, weka TIR1 ya Arabidopsis, protini ya mmea inayoielekeza protini yenye AID ivunjwe oksini ikiwepo, chini ya kichochezi cha gonadi, kisha mhamishie mnyoo kwenye sahani yenye oksini (homoni ya mimea) milimola 1. Protini hupungua ndani ya saa moja au chini, hivyo unaweza kuacha kukutana kwa kromosomu kupite salama na kuigusa meiosisi peke yake. Oksini huvunjwa na mwanga. Funga sahani kwa karatasi ya alumini, na usiziache kwenye meza ya hadubini. Ganda la yai lililokamilika huizuia kupenya, kwa hiyo dozi lazima iingie kupitia kwa mama. Kidhibiti chake kina sehemu mbili: mnyoo uleule kwenye ethanoli bila oksini, na mnyoo mwenye TIR1 bila AID akiwa kwenye oksini. Cha kwanza kikionyesha mayai yaliyokufa, AID inavunjika hata bila oksini, na saa ulizopanga zilishaanza kuhesabika kabla hujamhamisha mnyoo.